Doriani la Unguja, nimelila Ujiji

Nimekula matunda mengi, ila utamu wa doriani sijaupata kwingine. Nasema hivyo nikijua kuna watakaolisogelea mara moja tu wakakimbia.

Sokoni kwetu sijawahi kuliona. Haya niliyokula aliniletea shemeji kutoka Unguja, yakavuka kwa boti hadi Dar, kisha yakapanda treni ya Reli ya Kati mpaka Kigoma. Behewani abiria walifungua madirisha, mmoja akauliza nani kabeba mzoga. Siwalaumu. Hata Singapore, ambako watu wanalipenda mno, ni marufuku kuingia nalo kwenye treni za mjini. Harufu hiyo inatokana na salfa, kama ile ya vitunguu, na haitoki nyumbani upesi. Mama mkwe hataki hata lipite mlangoni, kwa hiyo tunalilia uani.

Majirani waliliita fenesi. Hapana jamani. Fenesi lina vipele butu na ulimbo unaotufanya tupake mawese viganjani na kwenye kisu kabla ya kulipasua. Doriani halina ulimbo ule, lakini miiba yake inachoma kwelikweli. Lishike kwa gunia. Ligeuze, tafuta mistari kitakoni, chomeka ncha ya kisu kwenye mstari na upindue, linaachia. Ndani kuna vyumba, kila kimoja kina nyama ya manjano iliyopauka, imezunguka mbegu kubwa. Ni laini kama siagi. Sukari inatangulia, halafu kwa mbali inakuja ladha fulani ya kitunguu, na hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wanangu walilamba mpaka mbegu. Jirani yangu alitema.

Lililonisikitisha ni safari. Doriani huanguka lenyewe likiiva, na likishaanguka halina siku nyingi. Yaliyokuwa yamepasuka njiani yalifika yamechacha na kutoa maji, tukayatupa. Yaliyofika mazima ndiyo yaliyonipa raha yote hii.

Kwa hiyo ukiagiza, mwambie anayekununulia achague lisilo na ufa, kikonyo chake kiwe bado kibichi, na alinunue siku ya kuondoka, si kabla. Likifika usilisubirishe. Likibaki, toa nyama, ifunge vizuri kwenye chombo chenye kifuniko cha kubana ndipo uweke kwenye friji, la sivyo maziwa na siagi vyote vitanuka doriani. Mbegu zichemsheni, zinalika.