Goti langu limerudi kazini: kliniki ya fizio Ngong Road

Jamani mwenye goti linamsumbua asikae nyumbani akijipaka dawa ya kuchua tu, mimi nimemaliza wiki sita kwa kliniki moja ya fizio (tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi) huku Ngong Road, Nairobi, na sasa napanda ngazi bila kushika ukuta. Dada anayenihudumia alinifunga ule mpira wa kuvuta kwa kifundo cha mguu akaniambia vuta pole pole, hesabu mpaka kumi, na mkono wake ulikaa juu ya goti muda wote anasikiliza kama misuli inaamka.

Nikamuuliza hii kazi ilitoka wapi, akanipa historia tamu sana, eti London mwaka 1894 manesi wanne walianzisha chama kulinda jina la wachuaji waliosomea kazi kwa sababu matapeli walikuwa wameichafua, halafu Marekani wale wa mazoezi ya tiba wakaunda chao 1946 baada ya vita vya pili vya dunia, ndio hao walikuwa wanainua wanajeshi majeruhi kutoka vitandani. Kwetu Kenya sheria ya wanafizio ilikuja 2014, kwa hivyo uliza leseni kabla hujalipa, tafadhali.

Foleni ya asubuhi tu ndio warekebishe, nilingoja saa nzima.