Tumeshinda 3-2 nyumbani, ila kiwango bado

Nianze na nilicholipia kuingia kwenye mechi ya mpira ya timu ya chuo chetu. Wahitimu tulitozwa Sh 2,000 kusimama kandokando ya uwanja, au Sh 5,000 kukaa chini ya turubai. Wanafunzi wenye kitambulisho walipita kwa Sh 1,000. Nilichukua ya turubai kwa sababu jua la saa kumi la Dar mwezi wa pili halina mswalie, na kwa sababu tuliambiwa hela hiyo inaenda kununua viatu vya wachezaji. Timu hii nimeanza kuifuata nikiwa mwaka wa kwanza. Nimehitimu, nauza vifaa vya umeme Kariakoo, na bado nikisikia vijana wanacheza nyumbani nafunga mahesabu mapema nipande daladala ya Temeke.

Getini hawana shida. Vijana wa serikali ya wanafunzi wameweka lipa namba, unaonyesha meseji, unagongwa muhuri mkononi, unapita. Foleni ilikuwa ndefu lakini ilitembea.

Turubai ndilo limeniudhi. Wamelifunga upande wa mashariki, kwa hiyo ukikaa unatazama magharibi, na kuanzia saa kumi na moja jua linakuingia machoni moja kwa moja. Goli la upande wa kushoto sikuliona vizuri kipindi chote cha pili, na huko ndiko tulikokuwa tunashambulia. Waliolipa Sh 2,000 na kusimama ng'ambo ya pili, kwenye kivuli cha miembe, waliona mpira kuliko sisi. Hili la kurekebisha halihitaji bajeti, ni kuhamisha nguzo tu.

Sasa timu. Tulitangulia mapema, winga wa kushoto alimtoka beki, akamimina krosi, straika akapiga kichwa cha kudundisha chini. Bao safi kabisa. Kabla ya mapumziko tukapata penalti, ikawa 2-0, na pale turubai lote lilikuwa linaimba. Nikadhani leo tunafunga tano.

Kumbe wenzetu walikuwa wameshaona tunapovuja. Kocha wetu anataka tuanze mpira nyuma. Kipa akipata goli kiki hapigi mbele, anamgawia beki wa kati aliyesimama naye ndani ya kumi na nane, yaani boksi la goli letu. Inaruhusiwa, sheria ilibadilishwa 2019, zamani ilikuwa lazima mpira utoke kwanza nje ya boksi. Nami napenda timu inayojenga. Lakini kujenga kunataka uwanja ulionyooka na mtu wa kumpa mpira. Uwanja wetu pale mbele ya goli la kusini una upara wa mchanga na vimabonde, mpira ukipigwa chini unaruka mpaka magotini. Beki anatumia mguso wa kwanza kuutuliza, wa pili kuuweka sawa, na kufikia hapo washambuliaji wawili wa wageni wameshamfikia. Bao lao la kwanza lilitoka hivyo hivyo. Kila mtu aliliona linakuja. Mzee mmoja nyuma yangu alikuwa anapiga kelele, "Butua! Butua mwanangu!" hata kabla kipa hajaachia pasi.

La pili linaniuma zaidi, maana halihusiani na uwanja. Namba sita wetu, kiungo anayekaba mbele ya mabeki, alikuwa peke yake. Nilimkazia macho kwa muda mrefu bila kufuata mpira. Viungo wawili wa mbele yake wakipanda hawarudi, mabeki nao wanarudi nyuma kwa woga, na yeye anabaki katikati ya eneo ambalo watu watatu wangelikaba kwa shida. Kuna wakati alisimama, akanyoosha mikono yote miwili akielekeza kushoto na kulia, na hakuna aliyesogea. Wageni wakapiga pasi mbili tu, moja mbele yake na nyingine nyuma yake, wakasawazisha. Kijana alishika kiuno akatazama benchi. Sabu tano zilikuwepo, kocha alitumia moja, akamtoa winga aliyetengeneza bao la kwanza.

Bao la ushindi lilikuja dakika za mwisho. Kona, msongamano, mpira ukamgonga goti beki wao ukaingia. Watu wakavamia uwanja. Mimi nami niliruka na kumkumbatia dada nisiyemjua, na furaha ile ilikuwa ya kweli. Pointi tatu ni pointi tatu. Ila tulikuwa 2-0 nyumbani, tukaokolewa na goti la mpinzani, halafu wachezaji wanapiga picha za ubingwa.

Mimi ni mtu wa Simba, na kila mwana Simba anawajua Jwaneng Galaxy, timu ya Botswana. Oktoba 2021, kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, tulishinda kwao 2-0, tukarudi Kwa Mkapa, uwanja wetu wa nyumbani, na mguu mmoja ndani, tukatangulia kufunga, kisha tukachapwa 3-1 na kutolewa kwa bao la ugenini, maana jumla ilikuwa 3-3 na wao walifunga mengi zaidi ugenini. Kisasi tulilipa Machi 2024, 6-0 palepale Kwa Mkapa, lakini ile jioni ya 2021 hainitoki. Mwanya ulioachwa wazi kwenye mechi ya raha unakuja kudaiwa kwenye mechi ya maana. Vijana wetu wana marudiano ugenini na timu hii hii, na safari hii wenyeji watakuwa wao.

Niseme pia la msosi, maana ndio umefanya jioni yangu isiharibike. Mama wa mihogo anakaa nyuma ya goli la kaskazini. Muhogo anauchemsha kwanza, ndipo anaukaanga, kwa hiyo nje unakauka na ndani unabaki laini. Anaupasua katikati kwa kisu, anapaka chumvi na pilipili ya kusaga ndani ya mpasuko, juu anarundika kachumbari ya kabichi na kukamulia ndimu. Sh 1,000 unashiba. Juisi ya ukwaju ya jirani yake imezidi sukari, nunua maji.

Choo kipo kimoja, cha jengo la madarasa, na wanawake tulisubiri mpaka tukakosa mwanzo wa kipindi cha pili. Chuo kina majengo matatu yanayouzunguka ule uwanja. Kufungua mlango mmoja zaidi ni funguo tu.

Nitarudi, na nawashauri wahitimu wenzangu mje, vijana wanacheza kwa moyo na wanahitaji watu. Msilipie turubai mpaka walihamishe, simameni miembeni. Huduma ya getini naipa tano kati ya tano, mihogo tano, kukaa mbili. Timu naipa tatu, na hizo ni kwa ajili ya winga wa kushoto na namba sita. Kocha akisoma hapa: kwenye marudiano mpe yule kijana mwenzake wa kukaba, na goli kiki zipigwe mbele mpaka ule upara uoteshwe nyasi.