Kozi ya kuchomea bomba (6G) ya laki tisa na nusu: karakana nyota nne, tangazo nyota moja

Wadau naanza na jibu kabisa maana najua wengi mko na hela mkononi mnataka kujua mlipe au msilipe. Kulipa lipa, ila ujue unalipia nini. Unalipia bomba la kukata, vijiti vya kuunguza na mwalimu wa kukugombeza. Ajira haimo humo, na kile cheti cha "kimataifa" ntakieleza huko mbele maana kina kisa chake.

Mimi mtu wa Tanga, nimechoma mageti na grili miaka sita kwenye karakana ya mjomba pale Ngamiani, elfu 15 kwa siku na hela ya chai juu kama geti limetoka siku hiyo. Sasa wote mnajua Tanga ilivyokuwa tangu habari za bomba la mafuta zianze, kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani, na kati ya hizo 1,147 ziko kwetu Tanzania. Kila kijiwe stori ni bomba, kila aliyewahi kushika grenda anajiita welda. Chumba nilichokuwa nalipa elfu 40 mwenye nyumba akanipandishia mpaka 70, namuuliza sababu ananiambia "wageni wanakuja baba", wageni wenyewe hajawaona bado. Basi nikaona tangazo la hicho chuo cha Dar, jina silitaji msiniulize, limeandikwa kwa herufi kubwa SOMA 6G WIKI SITA MSHAHARA KUANZIA MILIONI 4. Nikamwendea mjomba nikamwambia mjomba mimi grili ntachoma mpaka lini, akanitazama akasema nenda, ila lile geti la Bi Mwanaidi umalize kwanza maana advansi yake tumeshakula.

Kwa wasiojua, 6G ni ile bomba linafungwa limelala mshazari digrii 45 halafu haligeuzwi, unalizunguka wewe. Kwa hiyo ndani ya mzunguko mmoja unachoma chini, unachoma ubavuni, unachoma juu ya kichwa chako, cheche zinaingia kwenye kola. Ukiweza hiyo wanahesabu na hizo nyingine umeziweza, ndo maana kila mkandarasi anaitaka na ndo maana vyuo vimeota kama uyoga.

Ada laki tisa na nusu, risiti nilipewa, hilo nawasifu. Kisichosifika ni kwamba wiki ya tano tunaambiwa kuna hela ya kuponi, kile kipande cha bomba unachochoma kwenye mtihani, laki moja na ishirini, haikuandikwa popote, na wakati huo ushakula nauli na kodi ya Dar utarudi wapi. Darasa letu tulikuwa 14 na vibanda vya kuchomea 6, wakatugawa zamu mbili, na bado siku nyingine unasubiri saa nzima mwenzako amalize bomba lake. Malazi hakuna, wanakuonyesha tu mtaa wenye vyumba. Choo sitaki kukiongelea.

Lakini karakana yenyewe jamani. Mwalimu ni mzee mmoja alikuwepo kwenye lile bomba la gesi la kutoka Mtwara kuja Dar, hana power point hana nini, siku ya kwanza akatuambia kila mtu achome anavyojua, akapita anaangalia, akafika kwangu akakaa kimya kidogo halafu akasema "wewe unapaka, huchomi". Miaka sita! Niliumia lakini alikuwa sahihi. Geti hata ukipaka juu juu linasimama, bomba la presha halitaki hivyo, linataka chuma kipenye mpaka ndani. Akatufundisha ruti, ile duru ya kwanza kabisa, kwa kijiti cha 6010, kwamba unafungua kitundu kidogo mbele ya kijiti na unatembea nacho, kitundu kikifunga ujue hujapenya, kikipanuka sana chuma kinadondokea ndani. Ukimaliza unasafisha na grenda, unapiga hoti pasi, ile duru ya pili juu ya ruti, halafu kijiti cha 7018 kujaza na kufunga kepu, duru ya juu kabisa. Wiki mbili nzima nilikuwa ruti tu, hakuna kingine, naota kitundu usiku.

Na kitu cha 7018 kiliniaibisha kabisa. Sisi mtaani paketi ya vijiti imelowa na mvua tunaanika juu ya bati twende kazi. Kumbe vile vijiti vinatakiwa vikae kwenye oveni vikiwa na joto mpaka unavitumia, vikinyonya unyevu haidrojeni inaingia kwenye chuma na kiungo kinaweza kupasuka baadaye hata kama kwa macho kiko safi kama kimechorwa. Chuo walikuwa na oveni na mzee alikuwa mkali nayo kuliko hela. Nikawaza mageti yangu yote ya Ngamiani nikasema Mungu nisamehe.

Mabomba ya mazoezi hayakuwa ya kubana, hapa ndo nyota zangu nne zinatoka. Nilihesabu mwenyewe, viungo 41 kwa wiki sita. Nimeongea na jamaa waliosoma kwingine wanasema walipewa viungo 10 au 12 na picha za grupu. Kwa hiyo ukienda kuuliza chuo chochote usiulize mshahara, waulize ntachoma viungo vingapi na hivyo vibanda niingie nivione leo.

Sasa cheti. Kimepambwa, kina muhuri wa dhahabu, kimeandikwa ASME, wale wahandisi wa mitambo wa Marekani wanaotunga kanuni za uchomeaji. Nikaenda nacho getini kwa mkandarasi mmoja wa matanki, tulikuwa kama 40 siku hiyo, wengi na vyeti vyao kwenye mafaili ya plastiki. Yule wa kwenye meza akavikusanya vyote akavigandamiza na helmeti yake, akasema haya kila mtu achukue bomba. Hakuvifungua. Baadae ndo nikaja kuelewa kwamba kwa huo utaratibu wa ASME mwajiri mwenyewe ndo anatakiwa akupime kwa kazi yake na karatasi yake ya utaratibu, cha chuo ni kama barua ya utambulisho tu. Na hata ukishapimwa, ukikaa miezi sita hujachoma kwa njia hiyo hiyo uthibitisho unakufa, unapimwa upya. Sasa mtu kamaliza chuo, kakaa nyumbani mwaka anatafuta kazi, cheti kiko ukutani, mkono umeshasahau. Haya chuo hawakutuambia hata kidogo, au mzee aliyasema kwa lugha yake alivyokuwa anapiga kelele "mkono ukikaa unaota kutu" nasi tukacheka.

Kuponi yangu ya kwanza eks-rei ikaonyesha vitobo vya hewa kwenye kufunga duru, nikarudi siku ya pili nikapita. Wenzangu wa darasa wanane walijaribu pale pale, tukapita watatu.

Haya hela, najua ndo mnaisubiri. Welda pale tulilipwa elfu 45 kwa siku, siku sita kwa wiki. Mwezi wa siku 26 inakuja 1,170,000. Usishangilie kwanza. NSSF asilimia 10 inaondoka 117,000, inabaki 1,053,000 ndo inakatwa kodi, na kwa sababu imevuka milioni unaingia kwenye lile daraja la juu, 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kilichozidi, jumla 143,900. Mkononi 909,100. Siku za mvua hamna kuchoma nje, mkandarasi wetu alikuwa analipa nusu siku. Overtaimu walilipa mara moja na nusu na Jumapili mara mbili kama sheria inavyosema, Jumapili moja nilipata elfu 90 nikaona dunia nzuri.

Milioni 4 ya kwenye tangazo niliitafuta sana. Nilimuuliza jamaa wa ukaguzi, yule anayesoma picha za eks-rei, mwenye vyeti vya kueleweka na miaka yake kazini, akacheka mpaka akavua miwani, akasema hata yeye hafiki hapo.

Na mradi una mwisho jamani. Wangu ulichukua miezi 7 matanki yakasimama, tukapewa mkono wa kwaheri. Piga hesabu, 909,100 mara 7 ni 6,363,700, ukiigawa kwa miezi 12 unapata kama laki tano na elfu 30 kwa mwezi. Kwa mjomba nilikuwa napata 390,000 mwaka mzima bila eks-rei na bila kodi ya chumba cha pili. Tofauti ipo, sikatai, ila ni laki na nusu hivi, haifanani na milioni 4 hata kwa mbali. Na lile fao la kukosa ajira la NSSF linataka uwe umechangia miezi 18, miezi yako 7 inasubiri mradi mwingine ije ijumlishwe.

Hata hivyo nawaelewa wanaokimbilia. Angalia amri ya mishahara ya 2022, kima cha chini cha kilimo kilikuwa 140,000 kwa mwezi, mkandarasi wa daraja la kwanza 420,000, wenye leseni kubwa za madini 500,000. Sisi Tanga ni mkonge, kijana anakata mkonge miiba inamchoma kwa kima hicho halafu anasikia helpa tu kwenye matanki analipwa elfu 18 kwa siku, utamzuia vipi? Hivi viwango vimeongezwa kuanzia Januari 2026, wastani wa sekta binafsi umetoka 275,060 umefika 358,322, na serikalini kilishapanda Julai 2025 kutoka 370,000 mpaka laki tano, ila pengo la shambani na mradini halijazibika kwa hilo.

Kitu kingine ambacho chuo hawakisemi kwa sababu hawakifundishi, pale saiti welda hatukuwa adimu sana. Waliokuwa wanatafutwa kwa tochi ni fita, yule anayepima, anakata na kuliweka bomba sawa kabla welda hajagusa, elfu 38 kwa siku na anaingia mradini kabla yangu anatoka baada yangu. Na watu wa kufunga jukwaa, skafolda, elfu 28, hao kila mradi unawahitaji, wa umeme, wa rangi, wa matanki, wote. Fita mmoja wa Geita alikuwa hapati hata wiki mbili za kupumzika, katoka mgodini kaja Tanga na tayari anapigiwa simu za Ngara kwenye nikeli. Ningejua mapema ningesoma hiyo. Kusoma mchoro wa bomba tulifundishwa siku mbili tu, na ni somo ambalo lingetuongezea bei wote, kwa hilo nawapunguzia nyota.

Wageni nao wapo, Wafilipino na Wahindi, mkono wao siwezi kuusema vibaya, na niliokaa nao ndo walionifundisha kuchoma kwa gesi ya agoni bure wakati wa chakula. Sheria ya 2015 ya ajira za wageni inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumrithisha mzawa hiyo kazi, kwa hiyo ukipangwa na mmoja wao mng'ang'anie, msaidie kubeba, uliza hata kwa vidole.

Alafu jihadharini na wale jamaa wanaokaa nje ya chuo siku ya kumaliza. Alinifuata mmoja anajiita wakala, ana kofia ya mradi sijui kaitoa wapi, anataka laki moja "ya kuingiza jina". Anayetafuta kazi hatakiwi kulipa wakala, na kule getini hakuna jina linaloingizwa, kuna bomba na kuna eks-rei. Wenzangu wawili walitoa. Simu haipatikani mpaka leo.

Kama huna laki tisa na nusu, VETA nenda, vile vyuo vya ufundi vya serikali, ni muda mrefu ila ada ni kidogo na msingi unaupata wote, na kwa mafundi wa mtaani kama mimi kuna ule mpango wa kurasimisha ujuzi, wanakupima ulichojifunzia kazini wanakupa cheti bila kuanza darasani upya. Halafu ukishakuwa na msingi ndo unakuja kulipia hizi wiki sita za bomba. Ukija na mkono mbichi kabisa usilipe, kulikuwa na dogo katoka form four moja kwa moja, wiki ya nne bado kijiti kinamganda kwenye chuma, hela ya baba yake ikaenda hivyo hivyo nasi tunamwangalia.

Mimi sasa hivi niko kwa mjomba nasubiri simu, kila Jumamosi nachoma kipande cha bomba chakavu mkono usisahau, na vijiti nimetengenezea kaoveni ka boksi la chuma na balbu mbili, mjomba ananicheka ila juzi nilikuta vijiti vyake vimo humo.

Ukienda chukua zamu ya asubuhi, jioni umeme unayumba na mashine inakata katikati ya ruti. Ovaroli nenda na yako, zile zao zina matobo kifuani. Na hiyo laki na ishirini ya kuponi iweke pembeni tangu siku ya kwanza, usiniambie sikukwambia.