Uzoefu wangu na kikokotoo cha muda wa ndege: Kisumu hadi Chicago

Kikokotoo cha mtandaoni kinachokadiria muda wa ndege kati ya miji miwili ninakipa nyota tatu kati ya tano. Kwa kipande kimoja cha safari ninakiamini. Kwa safari nzima yenye kubadilisha ndege, usikitegemee kupanga chochote.

Kinachukua umbali mfupi zaidi juu ya uso wa dunia, kinagawanya kwa kasi ya karibu kilomita 800 kwa saa, kisha kinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kisumu hadi Nairobi kinatoa dakika 50, na ratiba hazitofautiani sana na hapo. Ukiandika Kisumu hadi Chicago kinatoa saa 16 na ushee, ilhali ndege ya namna hiyo haipo.

Kwa hiyo mimi hukipa kipande kimoja kimoja, halafu saa za kusubiri naziongeza mwenyewe. Chukua mfano wa kupitia Doha: Kisumu–Nairobi dakika 50, kusubiri saa 3 na dakika 40, Nairobi–Doha saa 5 na dakika 15, kusubiri saa 3 na dakika 15, Doha–Chicago saa 14 na nusu. Jumla ni saa 27 na nusu. Kipande cha Nairobi–Doha kikokotoo hukipunguza kwa karibu nusu saa, kwa kuwa ndege nyingi hukwepa anga ya Yemen badala ya kunyoosha. Pia kinatoa muda uleule kwenda na kurudi. Si kweli: upepo wa juu kule kaskazini huvuma kutoka magharibi, na Chicago–Doha huwa fupi kwa zaidi ya saa moja.

Kusubiri Nairobi ndiko kunakowaangusha watu wa huku kwetu. Kama tiketi ni moja na mizigo imeandikwa hadi mwisho, saa mbili na nusu hadi tatu zinatosha. Kama umenunua tiketi mbili tofauti, acha saa tano. Unangoja mizigo, unatoka jengo la ndege za ndani, unahamia la kimataifa, unakaguliwa upya, na kaunta hufungwa saa nzima kabla ya ndege kuondoka. Ukichelewa, shirika la pili halikudai wala hukulidai, tiketi imekwenda. Angalia pia kama ndege yako ya Kisumu inatua Wilson, uwanja mdogo wa Nairobi, maana hapo kuna safari ya gari hadi JKIA, uwanja wa kimataifa wa Jomo Kenyatta. Kutoka Kisumu mimi huchagua ya asubuhi, kwa sababu ngurumo za ziwani hujikusanya alasiri, hasa Machi hadi Mei.

Wa Nakuru wahesabu barabara kama kipande cha kwanza: kilomita 160 hadi Nairobi, saa tatu njia ikiwa nyeupe, tano au zaidi Jumapili jioni na siku za sikukuu. Ukifika Gitaru ingia Southern Bypass, barabara ya kuzunguka jiji, usipite mjini. Ongeza nusu saa ya ukaguzi wa magari kwenye lango la JKIA.

Sasa saa zenyewe. Kila saa kwenye tiketi ni ya mahali ilipoandikwa. Katika mfano wetu unaondoka Kisumu Jumatatu 13:00 na kufika Chicago Jumanne 08:30. Ukitoa tu unapata saa 19 na nusu, pungufu kwa saa nane. Geuza ya kufika iwe ya Nairobi kwanza: 08:30 ongeza 8 ni 16:30. Tofauti hiyo ya Nairobi na Chicago ni saa 8 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi ya kwanza ya Novemba, na saa 9 miezi mingine. Kenya haibadilishi saa, Chicago hubadilisha.

Na tarehe isomwe kwa makini. Tiketi inayosema tarehe 12, 00:50, ni saa saba kasoro dakika kumi usiku, na siku ya tiketi hubadilika saa sita usiku. Unatakiwa uwe JKIA tarehe 11, saa nne kasoro usiku, huku watu wa nyumbani wakiuita bado usiku wa kumi na moja.