Jogoo, Jibini na Mvinyo wa Manjano: Chakula cha Mchana Mjini Arbois

Arbois ni mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mizabibu katika eneo la Jura, mashariki mwa Ufaransa, na ndiko alikokulia mwanasayansi Louis Pasteur. Katika mkahawa mmoja wa hapo niliagiza chakula kinachosifiwa kuliko vyote katika eneo hilo: jogoo aliyepikwa kwa mvinyo wa manjano, malai na uyoga wa morille. Nyama ilikuwa laini, ikiachana na mfupa kwa kuguswa na uma tu. Hata hivyo, ni uyoga ulionifanya ninyamaze, kwa sababu una vishimo kama sega la nyuki, na kila kishimo kilikuwa kimeshika mchuzi.

Mvinyo wenyewe, vin jaune, hutokana na zabibu za savagnin pekee. Hulazwa katika mapipa ya mwaloni kwa zaidi ya miaka sita, na unapopungua pipa halijazwi tena, bali huachwa utandwe juu na utando wa chachu unaoukinga na hewa. Chupa yake fupi, clavelin, huchukua sentilita 62, kiasi ambacho wenyeji husema ndicho kinachosalia katika kila lita moja iliyotiwa pipani.

Hapo ndipo mkahawa uliponisikitisha. Bilauri yangu ililetwa baridi mno, kana kwamba imetoka kwenye friji dakika hiyo hiyo, ilhali mvinyo huu hutaka joto la nyuzi 14 au zaidi. Niliikumbatia kwa viganja karibu robo saa, ndipo ikaanza kutoa harufu ya lozi za kukaanga na bizari. Kwa bei niliyolipa, kazi hiyo haikuwa yangu.

Jibini ya Comté iliyofuata ilinituliza kabisa. Hutengenezwa kwa maziwa mabichi, na duara moja la kilo 40 hivi huhitaji takriban lita 400. Sheria inataka ikae ghalani angalau miezi 4. Niliyopewa mimi ilikuwa na miaka miwili, yenye punje ndogo zilizokatika menoni kama chumvi ya mawe. Nilimega kipande, nikanywa funda la mvinyo uliokwisha kupata joto, na ladha ya kimoja ikaiendeleza ya mwenzake.

Nitarudi, lakini nitaomba chupa itolewe kwenye friji saa nzima kabla sijaketi.