Riakta ya kalsiamu Dodoma: mashine sawa, muuzaji hapana

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyonikalisha kuandika. Ukitaka kujua kinu hiki, yaani riakta ya kalsiamu, mashine ya kulisha matumbawe ya tangini, kinabeba lita ngapi, pampu yake inakula wati ngapi na kimo chake ni sentimita ngapi, hayo yamejaa kila mahali. Mimi nataka kuzungumzia nati. Nati moja ya shaba na mtu aliyeniuzia.

Kwanza niwatoe njiani wale wa "Dodoma na matumbawe wapi na wapi". Ndiyo, nafuga matumbawe hapa Kisasa, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka baharini. Kwetu ni Tanga, nimekuja huku na wizara kama wengi tuliohamishwa baada ya 2016, na bahari nimeihamisha nayo. Na hapana, sikuyang'oa Mafia wala Pangani. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali. Yangu ni vipande vilivyokuzwa kwenye matangi, karatasi zake ninazo kabatini. Tumelimaliza hilo.

Sasa, kwa nini kinu. Matumbawe magumu hujenga mifupa yake kila siku kwa kalsiamu na alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili asidi) iliyomo kwenye maji. Yakiwa vipande vichache, kubadilisha sehemu ya maji ya chumvi kunatosha. Yakishanawiri, unapima leo alkaliniti iko 8 kwa kipimo cha dKH, wiki ijayo iko 6 na kitu, kalsiamu imeshuka chini ya 400 ppm, ncha zinaanza kupauka. Hapo lazima urudishe kinacholiwa.

Mimi nilianza na maji ya chokaa, chokaa safi ya maabara, siyo ile ya kupaka ukuta ambayo hujui imechanganywa na nini. Unayeyusha gramu kama moja na nusu kwa lita, unayaacha yatulie, kisha unayadondosha taratibu kufidia maji yaliyokauka tangini. Kikomo chake ndicho hicho: huwezi kuweka chokaa zaidi ya maji yanayokauka. Na hapa Dodoma tuna bahati ambayo watu wa Dar hawana. Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo mkavu unavuma na tangi linanywewa na hewa hadi unashangaa. Chokaa inaingia kwa wingi, matumbawe yanafurahi, mfuko haulalamiki. Kisha Desemba mvua zinaanza, hewa inapata unyevu, maji hayakauki sana, lakini matumbawe hayajui kama ni masika. Yanaendelea kula kama jana. Chokaa ikawa haitoshi.

Kuna njia ya chupa mbili, moja ya kalsiamu na nyingine ya bikaboneti. Bikaboneti ni ile baking soda ya dukani, haina shida. Kloridi ya kalsiamu safi ndiyo iliyonichosha, kila mara kuagiza, kila mara kusubiri. Nikasema basi, nanunua kinu, nijaze changarawe za matumbawe yaliyokufa, nifunge mtungi wa gesi, nipumzike.

Kinavyofanya kazi ni kitu cha kupendeza kweli. Gesi ya CO2 inaingia chemba kidogo kidogo, inayafanya maji kuwa na asidi hadi pH 6.5 hivi, asidi hiyo inayeyusha changarawe, na yanayotoka kwenye kimrija yana kalsiamu na bikaboneti kwa uwiano uleule ambao matumbawe hai huutumia. Mfupa wa zamani unajenga mfupa mpya. Ukizidisha gesi pH ikashuka mno, changarawe zinageuka uji na pampu inaziba. Ukipunguza mno, haiyeyushi kitu. Kwa hiyo roho ya mashine yote haimo kwenye chemba wala pampu. Imo kwenye regulata inayokaa mdomoni mwa mtungi, ile inayoshusha presha na kuhesabu mapovu.

Na regulata inashika mtungi kwa nati. Tumefika.

Niliuliza kabla ya kulipa. Naomba hili lieleweke, maana muuzaji amewaambia watu mengine. Nilimtumia picha ya mdomo wa mtungi wangu, rula imelazwa pembeni, nikamwuliza kama nati ya regulata yake itafunga hapo. Nikamweleza kuwa Wamarekani wanatumia nati ya kiwango cha CGA 320, Ulaya bara wengi wanatumia W21.8, Waingereza wana BS 341 namba 8, na ile ya Kimarekani haifungi kwenye mitungi ya hizo nyingine. Akanijibu kwa sauti, nyuma yake kelele za mtaa: "Dada'angu, mitungi yote ni ile ile, ondoa shaka." Nikaondoa shaka. Nikatuma hela.

Mzigo ukaja na basi, nikaupokea stendi ya Nanenane, kila kitu kimefungwa vizuri, siwezi kusema uongo. Jioni napeleka nati kwenye mtungi, inakataa kuingia kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima. Nageuza nati niione vizuri. Imechongwa ubavuni, kwa herufi zinazosomeka bila miwani: CGA 320. Yaani jibu la swali langu lilikuwa limeandikwa kwenye bidhaa yake mwenyewe, dukani kwake, siku nilipouliza!

Nikapiga simu. Sijamaliza sentensi ya pili akanikatisha: "Hebu mpe simu shemeji nimweleweshe."

Nikamwambia shemeji hayupo. Ninaye, ila yuko Mpwapwa kikazi, na kila akisimama mbele ya tangi langu swali lake ni moja tu, hawa wanaliwa? Ndiye niliyetakiwa kumpa simu aeleweshwe habari za meno ya nati. Muuzaji akaendelea, mpole kabisa, kama anamfundisha mtoto: "Basi akirudi mwambie azungushie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko ya kutosha, akaze na spana. Mbona mtungi wa jikoni mnafunga wenyewe?"

Nilikaa kimya. Siyo kwamba sikuwa na la kusema.

Mtungi wa jikoni una presha ya bar chache tu. Mtungi wa CO2 wenye gesi ya kimiminika, kwa joto la chumba la hapa kwetu, unasukuma kwenye bar 60 au zaidi. Na kinachozuia gesi pale mdomoni ni wasa bapa inayobanwa kati ya nati na mtungi. Tepu haina kazi yoyote pale. Nati isiyo ya mtungi huo ukiilazimisha itang'ata jino moja au mawili, utaona imeshika, kisha itaachia wakati inaotaka yenyewe. CO2 haina harufu, ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Chumba chenye tangi langu ndicho binti yangu analalia godoro chini wakati wa joto. Mtu anayeuza vifaa vya gesi ananiambia nifunge na tepu, tena nisifunge mimi, nimsubiri mume!

Nikaomba anibadilishie regulata peke yake, kinu nibaki nacho. Akasema bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Nikauliza ningejuaje nati bila kufungua boksi. Akanibloku.

Kwa siku kadhaa kinu kilikaa sebuleni bila kazi na mimi nikawa nakichukia kana kwamba ndicho kilichonitukana. Niliandika tathmini ya nyota moja, nikaifuta, nikaiandika tena kwa lugha ambayo mama yangu asingependa kuisoma. Hiyo nayo nikaifuta.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja anayejaza mitungi huko Kizota, wateja wake wengi ni wachomeleaji na wenye mashine za soda. Nikamwamkia, nikampa nati. Hakuijaribu hata kuizungusha. Aliishika, akaitazama, akanirudishia. "Hii siyo ya mitungi ya huku, mwanangu. Tusidanganyane."

Nikamwuliza kuhusu tepu. Akacheka hadi akakohoa.

Alikuwa na regulata iliyotoka kwenye mashine ya soda ya baa iliyofungwa, mkono wa pili, mishale miwili, nati ya huku. Akaniuliza nani atakuwa anaifungua na kuifunga nyumbani. Nikamwambia mimi. "Haya, njoo usimame upande huu." Akanionyesha: kabla ya kufungua mtungi legeza kishikio cha presha, usisimame mbele ya kioo cha mshale, fungua polepole, paka povu la sabuni kila kiungo uangalie kama linavimba. Wasa akaweka mpya. Kisha akanifanya nirudie yote mwenyewe huku yeye amefunga mikono. Vali ndogo ya umeme na kile cha kuhesabia mapovu tukavihamisha kutoka regulata ya dukani, vikakaa. Bei yake siitaji hapa, nisije nikamharibia mzee biashara, lakini ilinitia aibu kwa niaba ya yule mwingine.

Basi kinu kikaanza kazi, na hapa lazima niseme haki hata kama inanichoma: ni kizuri. Kizuri mno. Kukirekebisha kunataka subira, unagusa gesi leo, unasubiri, unapima alkaliniti, unagusa tena kesho, na mwenye haraka ataua tangi. Lakini kikishatulia kimetulia. Alkaliniti imesimama 8, kalsiamu inacheza 420, masika yote hazikutetereka. Acropora yangu ya zambarau, tumbawe gumu lenye matawi, imetoa ncha nyeupe za kukua, na ile iliyokuwa imepauka imerudi na rangi. Nilikuwa naamka usiku kwenda kuangalia tu. Kwa furaha ile ningempa hata yule muuzaji nyota tano.

Halafu umeme ukakatika jioni, ukarudi usiku, na pampu ya kinu ikaanza kulia kama inasaga mawe kwa sababu gesi ilikuwa imejikusanya juu ya chemba. Kuitoa ni dakika chache, kuna kizibo cha juu unalegeza. Vali ya umeme ilijifunga yenyewe kama inavyotakiwa, kwa hiyo hakukuwa na hatari. Lakini maelekezo ya kizibo hicho hayakuwemo kwenye boksi, na wa kumuuliza kanibloku. Nikakumbuka "mpe simu shemeji" na nyota zote zikarudi mfukoni.

Kingine ambacho wanaosifia vinu hawakisemi: maji yanayotoka bado yana CO2, yanashusha pH ya tangi. Msimu wa vumbi tunafunga madirisha, watu wanne ndani tunapumua, asubuhi nilikuta pH 7.8. Dawa yake? Maji ya chokaa usiku, maana yanapandisha pH. Kwa hiyo nimerudi kwenye ndoo yangu ya chokaa, safari hii ikisaidiana na mashine ya bei ya pikipiki mtumba. Chekeni tu.

Je, nakipendekeza? Kama tangi lako ni dogo na uko Dodoma, Singida au popote penye ukavu huu, hapana, chokaa itakubeba sehemu kubwa ya mwaka na masika utaongeza chupa mbili. Kama lako limejaa matumbawe magumu kama langu, ndiyo, nunua, hutajuta. Au utajuta siku ya nati. Nunua kinu peke yake bila regulata, regulata itafute hapa hapa penye mtungi. Nyota nne kwa kinu. Nimeziandika, nimeona ninamfaidisha nani, nimepunguza ziwe tatu.

Ile regulata ya CGA 320 nimeitangaza kwa nusu bei. Jana kijana mmoja wa Nkuhungu kanipigia, anataka kuanza tangi, akaniuliza kama itafunga mtungi wa hapa. Nikamwambia haifungi, asome ubavuni mwa nati kabla ya kununua ya mtu yeyote, na nikamwelekeza Kizota kwa mzee. Yangu hakununua.