Valvu za zamani za Mullard kwenye AC15 yangu: nilicholipia na nilichopata

Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya harusi hapa Manchester. Tunapiga rumba na dansi, nyuzi za juu, sauti safi isiyokwaruza, kwa hiyo ampli ikikoroma hata kidogo ukumbi mzima unasikia. Yangu ni Vox AC15 ya matoleo ya sasa, inayotumia valvu, yaani zile chupa ndogo za kioo zinazokuza sauti: ndogo tatu aina ya ECC83, ambazo Wamarekani huziita 12AX7, na EL84 mbili zinazosukuma spika.

Valvu zilizokuwemo zilipochoka nikaamua kujaribu zile ambazo wapiga gitaa huziapia: za Mullard, kampuni ya Uingereza, za miaka ya 1960 kutoka kiwanda cha Blackburn, mji ambao hauko mbali na hapa. Nilizipata mtandaoni kwa muuzaji binafsi, ECC83 mbili na EL84 mbili. Tangazo lilisema ni NOS, yaani za kale ambazo hazijawahi kutumika, na kwamba zote zimepimwa na ziko salama.

Hiyo NOS tuiongelee kidogo. Siku hizi kila muuzaji anayo. Sasa jiulize: valvu hizi zimewindwa kwa miongo kadhaa na wapiga gitaa na wapenzi wa santuri dunia nzima. Ambazo kweli hazijaguswa zingebaki nyingi hivyo kwa nani? Zipo, sikatai, ila kisanduku cha zamani si ushahidi. Visanduku navyo vinauzwa, na vingine vinachapishwa upya.

Kifurushi kilifika kimefungwa vizuri, hapo muuzaji nampa haki yake. Nikaanza na ECC83. Watu wengi watakwambia sugua nembo kwa kidole, ikifutika ni bandia. Si kweli. Wino wa Mullard halisi nao hufutika kirahisi, na kuna walioharibu valvu nzuri ya kuuza kwa kuijaribu hivyo. Cha kutafuta ni maandishi madogo ya kijivu kwenye kioo, chini karibu na pini, ambayo huyaoni mpaka uielekezee taa kwa ubavuni. Moja ya zangu ilikuwa nayo: mstari wa kwanza aina ya valvu, wa pili B5D2. B ni Blackburn, 5 ni mwaka unaoishia na 5, D ni mwezi wa nne, 2 ni wiki ya pili. Fundi wangu alipoangalia muundo wa ndani akasema hiyo ni ya 1965.

Ya pili ilikuwa na nembo ileile, nyeupe, kali, mpya kuliko ya mwenzake, na kwenye kioo hakuna herufi hata moja. Hiyo si ya Blackburn. Inaweza kuwa ya kiwanda chochote Ulaya Mashariki au Uchina, na wala si lazima huyu muuzaji ndiye aliyeibandika jina. Tangu enzi zile makampuni ya valvu yalikuwa yakinunuliana na kupigiana nembo, kwa hiyo jina lililo juu ya kioo halikuwa ahadi ya mahali hata wakati huo. Leo mambo yamezidi kuchanganyika: majina ya kale ya valvu kama Mullard, Tung-Sol na Gold Lion yanamilikiwa na New Sensor ya Marekani, na valvu zinatengenezwa Saratov, Urusi. Ni bidhaa mpya halali kabisa, lakini tangazo linaloandika "Mullard" bila kutaja kiwanda halijakwambia kitu.

EL84 ndizo zilizoniumiza. Zote mbili zilikuwa halisi, zina alama ya Blackburn. Tatizo ni kwamba zilishafanya kazi sana mahali pengine. Niliziweka, nikaiacha ampli ipate moto, nikawa nazichungulia kwa nyuma. Ndani ya valvu kuna bamba la kijivu, ndilo anodi. Kwenye moja bamba likaanza kugeuka rangi ubavuni, mstari mwembamba wa wekundu kama chuma cha mhunzi, huku spika ikiunguruma. Nikazima papo hapo. Ukiichelewesha valvu katika hali hiyo unaunguza fyuzi ukiwa na bahati, na usipokuwa nayo unaunguza transfoma ya kutolea sauti, ambayo bei yake inazipita valvu zenyewe.

Fundi alizipima, moja ikawa inavuta mkondo karibu mara mbili ya mwenzake. Rezista moja ilishabadilika rangi, akaitoa. Kazi hiyo usiifanye mwenyewe kama hujazoea: kapasita za ampli ya valvu zinaweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa plagi.

Basi "zimepimwa" ilimaanisha nini? Mashine nyingi za zamani za kupimia huipa valvu volti ndogo kuliko zile inazokutana nazo kwenye ampli. Kitabu cha vipimo vya EL84 kinaweka ukomo wa volti 300 kwenye anodi na wati 12, na ampli za ukoo huu wa Vox zimezoea kuisukuma hadi kwenye mpaka huo. Mshale unaweza kusimama kwenye "nzuri" mezani, valvu ikaja kushindwa ikipata moto kwenye soketi. Mashine pia haisikii miluzi. Ampli yangu ina spika ndani ya boksi hilohilo, kila besi inatikisa vioo, na valvu iliyolegea ndani hugeuka maikrofoni. Kipimo ni penseli: igonge taratibu ampli ikiwa imewaka, kama spika inajibu kwa mlio wa kengele, iondoe.

Sauti je? Ile ya 1965 niliiweka soketi ya kwanza, ambapo sauti ya gitaa inaingilia, na tofauti ipo: nyuzi za juu ni laini zaidi na kelele ya chinichini imepungua. Nyumbani naisikia. Ukumbini, ngoma zikishapamba moto, mpiga besi wetu hajawahi kugundua kitu.

Kwa hiyo kwa valvu za nguvu, za zamani sinunui tena. Nimeweka JJ mpya kutoka Slovakia, jozi iliyolinganishwa, yenye dhamana. Kwa ECC83 nitanunua moja tu, ya soketi ya kwanza, tena baada ya kutumiwa picha ya maandishi ya kijivu na ahadi ya kurudishiwa pesa kwa maandishi. Ukiwa Dar au Nairobi piga hesabu ya nauli ya kuirudisha kwanza, maana inaweza kuimeza pesa yote.

Muuzaji alinirudishia pesa za EL84 baada ya kuvutana. Kwa ECC83 isiyo na alama aligoma. Nampa nyota mbili kati ya tano. Ile ECC83 nimeiweka soketi ya tatu, na mpaka sasa inafanya kazi bila tatizo lolote.